Njia Tuliyoifunga

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni nilipokwenda Endasak kujitolea. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijaza fomu mwenyewe, na palipoulizwa eneo ninalopenda nikaandika miteremko ya Hanang, kwa sababu tangu utotoni kwetu Dongobesh nilikuwa nikiuona mlima ule kwa mbali siku za anga safi, nikiwa nimepanda kilima kukata majani ya ng'ombe, na sikuwahi kuukaribia.

Kazi ilikuwa kuelimisha watu juu ya msitu, maji na udongo wao. Chuoni tuliambiwa kwamba kazi hiyo si kuwatajia watu majina ya miti, maana majina wanayo tayari, na mengi kuliko ya kwetu. Kazi ni kumsimamisha mtu mbele ya kitu anachokipita kila siku mpaka akione. Niliyapenda sana maneno hayo. Niliyaandika kwenye jalada la daftari langu kwa kalamu nyekundu.

Nilipangiwa kukaa kwa mama mmoja ambaye mumewe alikuwa kwenye kamati ya mazingira ya kijiji. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye magoti mabovu, na alipocheka alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga kana kwamba kicheko ni kitu cha kuficha. Alikuwa na binti mmoja wa darasa la sita ambaye bado alikuwa nyumbani. Wakubwa walikuwa wameshaolewa. Usiku wa kwanza alinipa kitanda cha binti yake, na binti akalala naye. Nilipokataa, alisema, "Wewe ni mgeni wa kijiji. Ukiugua mgongo, kijiji kizima kitaniuliza mimi."

Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanipa dumu. Tulikwenda kuteka maji. Njia ilipanda kutoka kwenye nyumba, ikaingia kwenye miti mikubwa ya mikuyu, ikapita pembeni kabisa mwa jicho la chemchemi, halafu ikatokea upande wa pili, kwenye shule, kanisa na mashine ya kusaga. Ndiyo iliyokuwa njia ya kila mtu. Wanafunzi walipita hapo, wanawake wenye mahindi walipita hapo, mbuzi na ng'ombe pia. Ardhi ilikuwa imechimbika kwa miguu hadi mizizi ya mikuyu ilionekana kama mbavu za mnyama aliyekonda. Maji yalikuwa machache na ya rangi ya chai ya maziwa.

"Nikiwa msichana," mama aliniambia akiwa ameinama na kibuyu, "ulikuwa unaweka ndoo hapa, unageuza shingo kumsalimia mtu, ukirudi imejaa."

Nikajua papo hapo nitafundisha nini Endasak.

Klabu ya mazingira ya shule ilikuwa na wanafunzi kama ishirini, na binti wa mama alikuwa kiongozi wao. Niliwapeleka chemchemi mara kwa mara. Niliwafunga macho kwa skafu zao na kuwaambia wanuse udongo wa chini ya mkuyu, kisha wa njiani, waniambie tofauti. Niliwafundisha kuwatazama mbega bila kuwarushia mawe. Walinipenda, na mimi nilijipenda nikiwa mbele yao. Sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na niligundua kwamba nikizungumza watu wananyamaza.

Bwana misitu wa kata alikuwa mtu mpole, mwenye pikipiki iliyochoka. Alikuwa ameomba kwa muda mrefu njia ile ifungwe, watu wazunguke chini ya mashamba, ambako kulikuwa na njia nyingine iliyokata korongo na kutokea karibu na mashine. Kuzunguka kuliongeza mwendo wa nusu saa hivi. Watu walikuwa wakimsikiliza, wakimshukuru, kisha wakiendelea kupita chemchemi. Alinitazama nikifundisha siku moja, akasema, "Wewe wanakusikia. Nitaitisha mkutano, uongee wewe."

Ulikuwa mwezi wa nane. Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule, na watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nimekata madumu mawili ubavuni. Moja nililijaza udongo mtupu nilioutoa njiani, jingine udongo wenye nyasi na majani makavu juu yake. Niliwaita wazee wawili waje wamwagie maji kwa kopo. Kwenye dumu la kwanza maji yalitoka mazito, mekundu, na udongo ukafuata. Kwenye la pili yalitoka kidogo kidogo, safi karibu ya kunywa.  Niliyakinga maji hayo kwenye glasi mbili, nikazizungusha watu wazishike. Nikasikia mnong'ono ukienda kutoka mstari wa mbele hadi nyuma.

Kisha nikasema, "Hii ni njia yetu. Na hii ndiyo chemchemi tukiiacha ipumzike."

Mama aliyenipa malazi akasimama. Alikuwa amekaa na wanawake wenzake, mguu mmoja ameunyoosha.

"Mwalimu," alisema, ingawa nyumbani aliniita mwanangu, "hayo maji nimeyaona, na ni kweli. Nina swali. Hiyo njia ya chini inakata korongo. Mvua ikinyesha tutapitaje?"

Nilikuwa na jibu mdomoni kabla hajakaa.

"Korongo ni kavu, mama. Nimelipita mara tatu wiki hii, hata viatu havijalowa."

Watu walicheka, si kwa ubaya. Bwana misitu akaongeza kwamba suala la kivuko litawekwa kwenye mpango. Nami nikaitikia kwa kichwa kana kwamba mpango huo niliuona kwa macho yangu. Mama alikuwa bado amesimama, akatazama wenzake, akatazama glasi aliyokuwa ameishika jirani yake.

"Basi," akasema. "Mkikubali wote, na mimi nitazunguka."

Walikubali wote. Wiki ile tuliziba njia kwa matawi ya miiba pande zote mbili, tukibakiza upenyo wa kuteka maji tu. Wanafunzi wangu walichora bango kwa rangi ya kijani, na binti wa mama ndiye aliyeandika herufi, ulimi ukiwa umetoka pembeni mwa mdomo kwa umakini. Nilipiga picha. Chuoni picha ile ilibandikwa ubaoni.

Na maji yaliongezeka. Nalisema hili kwa sababu ni kweli na kwa sababu linafanya mambo yote yaliyofuata kuwa magumu zaidi. Kabla sijaondoka, majani yalianza kuota pale palipokuwa pakavu kama sakafu, na maji yalikuwa yametulia kiasi kwamba uliweza kuona mchanga chini yake. Nilirudi chuoni nikijiona mtu aliyefanya jambo.

Nilirudi Endasak likizo ya Pasaka, kusaidia kupanda miche. Mvua zilikuwa zimekwisha kukolea. Bodaboda iliniteremsha njia panda, nikapanda kwa miguu, matope yakinivuta viatu. Kabla sijafika kwa mama nilipitia chemchemi. Miiba ilikuwa imesukumwa pembeni. Njia ilikuwa imefunguka tena, inang'aa kwa matope yaliyokanyagwa, na alama za ndala, gambuti na kwato zimepandana. Bango lilikuwa bado limesimama, na mtu alikuwa ametundika koti lake hapo akateke maji.

Nilikasirika. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa.

Nyumbani mama alinipokea kwa uji na vicheko. Nilimuuliza kuhusu njia. Akasema mvua zilipoanza watu walirudi mmoja mmoja, na sasa karibu wote wanapita.

"Na wewe?"

"Mimi nilisema nitazunguka. Nazunguka."

Mumewe, aliyekuwa akinoa panga mlangoni, alisema bila kuinua kichwa, "Nimemwambia aache ukaidi. Hasikii."

"Si ukaidi," mama alisema. "Nilisema mbele ya watu."

Siku ya kupanda miche walikuja watu wachache kwenye uwanja wa shule, wengi wao wanawake. Nilizungumza. Sikuleta dumu wala glasi safari hii. Nilileta hasira yangu nikiwa nimeivalisha maneno mazuri. Nilisema kijiji kimejisahau. Kisha nikamnyooshea mkono mama, nikamwomba asimame, nikasema huyu peke yake ndiye aliyeshika neno lake, huyu ndiye mfano wa kuigwa, na kwamba kama mama mwenye magoti mabovu anaweza kuzunguka, wenye magoti mazima wana udhuru gani? Watu walipiga makofi machache. Mama alisimama kidogo, akakaa haraka, akavuta kanga usoni.

Tuliporudi nyumbani, alisimama karibu na mlango.

"Mwanangu, siku nyingine usinisifu mbele ya watu."

"Kwa nini, mama? Ni kweli."

"Sasa hata nikitaka kupita huko juu, siwezi. Watanicheka."

"Kwani unataka?"

"Magoti yananiuma," akasema. "Na korongo lina utelezi."

Nikacheka, nikamshika mkono. Nilidhani ananitania. Nilimwambia atanishukuru maji yakijaa ndoo kama zamani.

Ilikuwa siku mbili baadaye, Alhamisi, mchana. Kwetu chini jua lilikuwa linawaka. Nilikuwa nimewatoa wanafunzi wa klabu nje ya darasa kwa sababu ndani kulikuwa na joto. Juu, kilele cha mlima kilikuwa kimefunikwa na wingu jeusi, na ngurumo zilisikika kwa mbali kama meza zinazoburutwa nyumba ya jirani. Nilikuwa nikiwaeleza jinsi msitu unavyoshika mvua. Nakumbuka sentensi niliyokuwa nayo mdomoni. Nilikuwa nasema msitu ni kama sifongo.

Tukasikia sauti nyingine, nzito, inayoendelea bila kukatika. Binti wa mama akainuka.

"Madamu, korongo linashuka."

"Lakini hakuna mvua."

"Imenyesha juu." Alikuwa ameshaanza kutembea. "Mama amekwenda mashine."

Kisha akakimbia, nami nikamfuata.

Tulipofika ukingoni sikulitambua lile korongo nililolipita mara tatu viatu vikiwa vikavu. Lilikuwa limejaa kutoka ukingo hadi ukingo maji ya kahawia, na ndani yake mawe yalikuwa yakigongana, ukiyasikia lakini huyaoni. Shina zima la mkaratusi lilipita mbele yetu likizunguka. Ng'ambo walikuwa wamesimama wanaume wawili waliokuwa wametoka mashine na kuwahi kuvuka. Walikuwa wakipiga kelele na kuonyesha kwa mikono upande wa chini. Hatukusikia neno. Lakini mmoja wao alijishika kichwa kwa mikono yote miwili, na binti akaketi pale pale kwenye matope.

Baadaye walitueleza. Mama alikuwa ameshuka polepole kwa ajili ya magoti, ndoo ya unga kichwani. Alikuwa katikati, mahali penye mawe, aliposikia. Wao walimwita atupe ndoo akimbie. Aligeuka kutazama juu, ndoo bado kichwani, akaishika kwa mkono. Hapakuwa na muda zaidi ya huo.

Kijiji kizima kilitoka. Watu walifuata kingo hadi giza lilipozuia. Asubuhi wakaja wafugaji kutoka tambarare, Wabarbaig wawili na mama mmoja, kutuambia kwamba wanaye. Maji yalikuwa yamemtoa mbali sana, kule ambako korongo linatawanyika kwenye mchanga. Walimkuta jioni. Hawakumjua ni wa wapi, lakini walimfunika kwa shuka, wakawasha moto na kukaa naye mpaka kulipokucha.

"Hatukumwacha," mmoja alisema kwa Kiswahili cha kuchagua maneno. "Fisi wapo."

Mume wake aliwashika mikono mmoja baada ya mwingine, akaushika na wa yule mama. Mtu mwingine aliipata ndoo imenasa kwenye vichaka vya ukingoni. Mfuniko ulikuwa umeshika. Unga ulikuwa mkavu. Wanawake walisimama kuizunguka ndoo ile wasijue waipeleke wapi.

Siku ya maziko nilikaa nyuma, na wanawake waliokuwa wakipita njia ya juu walinisogelea na kukaa karibu nami, wakanipa maji, wakanishika begani. Hakuna aliyenilaumu. Laiti mmoja wao angenilaumu. Katekista alisoma, watu wakaimba, udongo ukarudishwa. Binti alisimama na dada zake wakubwa. Nilipomwendea kumpa pole aliitikia, "Ahsante, madamu," akageukia pembeni.

Bwana misitu alinipeleka kando. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ajali ni ajali," alisema. "Usijibebeshe. Hata mimi nilikuwepo."

"Nilimsifu," nikasema. "Alitaka kuacha, nikamsifu."

 Alipangusa matope kwenye kiti cha pikipiki yake, akaendelea kupangusa hata kilipokuwa safi.

Nilibaki pale nyumbani siku nne, kwa kuwa kuondoka mapema kungekuwa kama kutoroka. Baba, mume wa marehemu, alipokea wageni, akalisha ng'ombe, akakaa. Siku ya tatu, nikiwa namletea maji ya kunawa, aliniita nikae.

"Nataka nikuulize kitu kimoja tu," alisema. "Ulipolipita lile korongo mara tatu, ilikuwa mwezi gani?"

"Wa nane, baba."

"Mwezi wa nane," alirudia. Akanawa mikono polepole, akaikung'uta, akaenda zake kwa ng'ombe.

Hakuniuliza tena lolote, wala hakubadilika kwangu. Siku ya nne alinisindikiza hadi njia panda akinibebea begi, nikamwambia shikamoo ya kuaga, akaniitikia kama baba anavyomwitikia mtoto.

Chuoni nilitakiwa kuandika ripoti. Fomu ilikuwa na sehemu ya mafanikio, na sehemu ya changamoto ilikuwa na mistari mitatu. Niliandika kurasa sita nikaziambatisha. Mhadhiri wangu alizisoma zote mbele yangu, nami nimesimama. Alisema ni jambo la kusikitisha mno. Kisha akasema kwamba hizi ni hisia, ripoti inahitaji matokeo, na akanishauri nizitoe nibakize mistari mitatu. Nilibishana kidogo. Halafu nikazitoa. Hilo nalo nimelifanya mimi.

Niliporudi Endasak mwezi wa saba uliofuata, safari hiyo kwa mkutano mmoja tu nilioomba mwenyewe, nilisimama kwenye uwanja ule ule bila dumu wala karatasi. Nilisema nilifundisha ukweli kuhusu maji na nikadanganya kuhusu korongo, kwa sababu nilijibu swali nisilojua jibu lake. Niliomba njia ya juu ifunguliwe. Mzee mmoja akasema imekwisha kufunguka zamani, mwanangu, hatuna cha kufungua. Wengine wakakubaliana waizungushie chemchemi mawe, njia isogee hatua chache kando, na ng'ombe wasiingie. Nilibeba mawe pamoja nao siku tatu. Kwenye korongo walilaza magogo matatu ya mikaratusi. Nimesikia kwamba mvua za mwaka ule ziliyachukua.

Binti hakuwepo. Baba alisema amehamia kwa shangazi yake Nambis.

Sikumtafuta. Nilikuwa mwoga. Lakini mwaka wa mwisho wa masomo tuliletwa Mbulu kutembelea shule za vijijini, na moja ilikuwa Nambis. Tulikuwa tumemaliza kuongea na wanafunzi, gari la chuo linasubiri, nilipomwona barabarani akiwa na sare ya sekondari, amekuwa mrefu kama mama yake. Alinitambua kabla yangu. Alikuja, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, madamu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Tulisimama.  Yeye ndiye aliyeanza.

"Ile Alhamisi asubuhi nilipita njia ya juu kwenda shule," alisema. "Nilikuwa napita kila siku. Mama alinifuma siku hiyo. Alinichapa. Alisema mimi ndiye niliyeandika lile bango, namwaibisha. Niliondoka bila kumuaga."

"Sikujua," nikasema.

"Hakuna anayejua."

Nilimwambia kosa halikuwa lake. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyemfunga mama yake kwa maneno yangu mbele ya watu, na kwamba yeye alikuwa mtoto aliyepita njia salama kwenda shule, basi. Nilisema mengi, haraka, kwa sababu dereva alikuwa amekwisha piga honi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama alivyokuwa akinisikiliza chini ya mikuyu.

"Najua, madamu," alisema. "Nimeshafikiria yote hayo."

Akanitakia safari njema, akahamishia begi la madaftari bega la pili, akashika njia ya kwa shangazi yake. Niliingia garini. Wenzangu walikuwa wanaimba. Mmoja aliniuliza kama yule ni ndugu yangu, nikamwambia hapana, ni mwanafunzi wangu wa zamani.